Kichwa cha Treni Kilichobaki Kagerankanda

Mume wangu Kasian anatengeneza treni. Ukisikia hivyo usidhani nimeolewa na injinia. Ni treni za mbao, behewa moja linaenea mikononi kama mkate, na hapa Kasulu tunapokaa hakuna reli hata ya dawa. Reli inaishia Kigoma mjini, chini kule ziwani, na watoto wengi wa huku juu wanamaliza darasa la saba hawajaona treni ikipita. Kwa hiyo mtu akiniuliza mzee wangu anafanya kazi gani, nikishamjibu huwa ananitazama akisubiri nicheke. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nililetwa huku kutoka Same nikiwa msichana mwenye sanduku moja na hasira za kupangiwa mbali, na nimeshacheka vya kutosha.

Ila haki yake nimpe. Treni ya Kasian ina madirisha yanayofunguka. Behewa la kulala lina vitanda vya juu na vya chini, na ngazi ya kupandia. Mabehewa yanashikana kwa ndoano za spoku za baiskeli, unayatenganisha unavyotaka na kuyaunganisha tena. Mbao ni mabaki anayoomba kwa mafundi wa vitanda, mninga ukipatikana, ukikosekana hata mkaratusi. Kila mwaka anateremka Kigoma siku treni inapoingia, anaizunguka, anachungulia chini ya matumbo yake mpaka walinzi wanamuuliza amepoteza nini. Mwaka juzi alirudi akabomoa behewa zima la nyuma kwa sababu ngazi alikuwa ameiweka upande usio wake. Nikamuuliza nani atajua. Akasema yeye anajua.

Tatizo ni kwamba treni hizo zilikuwa na sifa nyingi kuliko wanunuzi. Wageni wa ofisi za serikali walikuwa wakija, wanapiga nazo picha, wanamwita fundi, wanaondoka. Tuliishi kwa mshahara wangu na kwa fremu za milango alizotengeneza alipobanwa. Na ni hizo fremu zilizotuletea mtihani. Mkandarasi mmoja wa Kahama, jina lake Shamsi, alikuja Kasulu kwenye harusi, akaona mlango wa nyumba aliyofikia, akauliza nani kaufanya. Kabla ya pilau kuiva alikuwa ameshaketi sebuleni kwangu. Alitaka Kasian ahamie Kahama akasimamie karakana yake ya milango, kazi ya miaka, nyumbani arudi Krismasi na Pasaka. Jibu alilitaka Ijumaa asubuhi.

Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa. Tukakubaliana hivi: tutazunguka Titye, Kagerankanda na Kibondo kutafuta mtu mmoja tu wa kuchukua treni kila mwezi, mtu wa uhakika, asiwe wa maneno. Akipatikana, Kasian anabaki. Asipopatikana, anafunga randa na msumeno wake anakwenda Kahama. Sharti nililitoa mimi, yeye akaitikia bila kubisha. Na mimi moyoni nilitaka mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Nilitaka awe na kazi inayoeleweka, na nilitaka awepo mezani jioni. Ndiyo maana nilikuwa mkali safari nzima, naomba nisamehewe na wote niliowafokea, isipokuwa jogoo.

Jumanne asubuhi tulipakiwa mshikaki kwenye pikipiki ya Saidi, mwendesha bodaboda wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye wajukuu. Saidi mbele, mimi katikati, Kasian nyuma amepakata boksi. Mwalimu mzima, jamani, na wazazi wa wanafunzi wangu wamesimama barabarani wananipungia mkono. Ndani ya boksi kulikuwa na treni moja kamili, kichwa na mabehewa matano, iliyofungwa kwa khanga yangu nzuri. Ndiyo sampuli yetu, hatukuwa na nyingine. Mpango wangu ulikuwa mfupi: tunafika, tunasalimia, tunaonyesha, tunaandikishana, tunaondoka.

Mpango huo ulikuwa wa Mpare. Mume wangu ni Muha, na Muha hasalimii kwa kupita. Kasian akishasema mwakeye, salamu ya Kiha, anashika mkono wa mwenzake mpaka kwenye kiwiko, na hapo ndipo habari zinaanza: za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za yule shangazi aliyevunjika nyonga. Wakimaliza wanarudia, kwa sababu mara ya kwanza mtu anaweza kuwa amesahau kuumwa. Njiani kwenda Titye tulisimama kusalimia watu ambao mimi niliwaona kama vichaka tu. Nikimhimiza, ananiambia haraka haraka haina baraka, na Saidi anacheka huku amezima pikipiki kubana mafuta.

Titye tulifikia kwa Bazilio, mwalimu mkuu wa shule moja niliyesoma naye semina. Alikuwa likizo, yuko nyumbani anapalilia. Aliiona treni akaipenda, akalala kifudifudi kwenye mkeka kuisukuma, na suruali yake ya shamba hivyo hivyo. Halafu akakaa kitako akasema ukweli: shule yake ina upungufu wa chaki, treni atazieleza vipi kwenye kikao? Tusubiri labda mwaka mwingine. Nilimshukuru, nikaanza kukunja khanga. Lakini mkewe alikuwa tayari ameshasonga ugali wa muhogo, na maharage ya mawese yananukia, na mtu haondoki kwenye chakula kilichopikwa kwa ajili yake.

Tulikula tukashiba. Wakati wa kuaga, nikamwona Kasian anafungua boksi. Akatoa behewa la mizigo, akampa mke wa Bazilio kwa mikono miwili. Nilidhani amechanganyikiwa. Tulipofika barabarani nikamuuliza kama hiyo ndiyo biashara aliyojifunza ukubwani. Akanijibu kwa upole kwamba mkono mtupu haulambwi. Amekula kwa watu akiwa na boksi mapajani, watu wote wameona ana kitu, angeondokaje nalo kama lilivyo? Mke wa Bazilio naye alikuwa ametufungia chupa ya asali. Basi, nikasema, behewa la mizigo si kitu, treni bado ni treni.

Nilikosea. Kabla ya jua kuzama tulipita kwa mama yake mdogo, likaenda behewa la kulala, tukapewa maharage. Asubuhi yake tukiwa tunaondoka, mzee jirani alitusindikiza mpaka mtoni na kutushikia pikipiki kwenye tope, likaenda behewa la nyuma, lile la ngazi. Nilinuna. Nilimwambia Saidi akimbize, na asisimame hata tukikutana na malaika.

Kagerankanda mvua ilitukuta kabla ya kufika dukani. Duka ni la Niyibizi, mfanyabiashara ninayemfahamu kwa kuja Kasulu kununua sare, na nilikuwa na matumaini naye makubwa. Alitupokea tukiwa tumelowa chepechepe, akatupeleka moja kwa moja sebuleni, na mle ndani tukakuta furaha: mkewe amejifungua mtoto wa kwanza, hana hata wiki. Hapo hapo nilijua tumekwisha. Nyumba yenye mtoto mchanga huingii mikono mitupu, hata kwetu Upareni haikubaliki. Nikatoa asali ya Titye, nikaiweka mezani kwa sauti, ili Kasian asikie kwamba zawadi imeshatoka.

Kuhusu biashara, Niyibizi hakuzunguka. Alisema watu wake wananunua mpira, na kwenye Krismasi wananunua nguo. Treni moja akiiweka dukani itapata vumbi mpaka mtoto wake aoe. Alisema hayo kwa huzuni kabisa, kisha akachinja kuku. Mvua ikanyesha, tukala, nikaenda uani kumsaidia mama wa nyumba kuanua nepi zilizokuwa zinarudi kulowa. Niliporudi ndani, kichwa cha treni kilikuwa kimewekwa pembeni ya mtoto, juu ya kitanda, kinang'aa na rangi yake ya kijani.

Mbele za watu nilitundika nepi tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na zawadi ya mtoto mchanga hairudishwi, labda unataka laana. Lakini njiani nilisema yote, ya mwaka huu na ya mwaka niliposimama naye kanisani. Nilimuuliza, hata kama ni lazima, kwa nini asitoe behewa? Yalikuwa yamebaki mawili. Akanijibu, na nilihisi hata Saidi ametega sikio.

"Mama Elieth, ni mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza unampaje behewa? Behewa ni la kufuata. Huyo anapewa kichwa."

Na Niyibizi kwa furaha alikuwa ametupa jogoo. Hai. Nikapakiwa naye.

Alhamisi tulipanda basi kwenda Kibondo, Saidi amerudi Kasulu na maharage yetu. Njia nzima Kasian alitazama misitu. Nilimwonea huruma, kisha nikajionea huruma mimi, kisha jogoo akanichafua sketi nikarudi kwenye hasira. Kesho yake ndiyo Ijumaa. Tulikuwa tumebakiwa na mlango mmoja wa kubisha, na tunakwenda kuubisha na mabehewa mawili yasiyo na wa kuyavuta.

Mlango wenyewe ulikuwa wa Mama Firdausi. Kibondo nzima inamjua. Ana duka la vifaa vya shule, vyombo, zana za kilimo na midoli, na anauzia wenye maduka madogo wa wilaya nzima. Babu zake walitoka pwani wakakaa Ujiji, na Kiswahili chake ukikisikia unatamani kukaa ufundishwe upya. Nilikuwa nimempigia simu, akasema tuje. Alipotuona na jogoo akauliza kama tunauza kuku. Nikamweleza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akayachukua yale mabehewa mawili, akafungua dirisha moja kwa ukucha wenye hina, akafunga, akafungua tena.

"Kazi nimeiona, mwalimu," akasema. "Lakini wateja wangu hawanunui mkia. Kesho alfajiri nasafiri kwenda Dar kufuata mzigo wa mwaka mpya, na nikifika kule nikishanunua ya plastiki, sina nafasi tena. Nikitoka kuswali alasiri nataka nikikute kichwa hapa. Kikiwepo, tutazungumza."

Ilikuwa imeshapita adhuhuri. Nikamwangalia Kasian nikitegemea ataanza kusalimia mtu. Badala yake alivua koti. Pembeni ya duka kulikuwa na fundi wa majeneza, akamwomba benchi, msumeno na kipande cha mninga, na kwa mara ya kwanza safari nzima hakuuliza habari za shangazi wa mtu. Kisu na tupa ndogo anatembea navyo mfukoni siku zote. Bomba la moshi alilikata kwenye kopo la nyanya. Magurudumu ndiyo yalinitisha, maana nyumbani anayachonga siku nzima. Akaingia dukani, akachagua mpini wa jembe, akanionyesha: ukiukata mpini vipande vyembamba, kila kipande ni gurudumu.

"Wewe kata," akaniambia. "Usiminye msumeno, uache ule wenyewe."

Nikakata. Mimi ambaye kwa miaka yote hiyo sijawahi kugusa msumeno wake ila kuusogeza nikifagia. La kwanza lilitoka mshazari, la pili likapasuka, la tatu akalipokea bila kunitazama akalitoboa. Nikapewa msasa. Watu walijaa barazani, wa jembe na wa madaftari, kila mmoja anatoa ushauri, na yule fundi wa majeneza akawa anawaambia wasimbanie mwanga mteja wake. Nilikuwa natoka jasho kwenye pua. Na hapo, nikiwa napiga msasa gurudumu la mbele, nilijikuta namwomba Mungu, tena kwa Kipare, kama mtoto. Sikuwa naombea treni. Nilikuwa namwomba asinichukulie huyu mtu akampeleka Kahama.

Rangi tulipata kibati cha bluu kutoka dukani, hakuna kijani. Mama Firdausi aliporudi kutoka msikitini, Kasian alikuwa anakunja ndoano ya mwisho. Akakiweka kichwa sakafuni, rangi bado mbichi, akakiunganisha na mabehewa mawili, akavuta kamba. Kikaenda. Kiliyumba kidogo kwa sababu ya gurudumu langu moja, lakini kilikwenda baraza zima mpaka kwenye mguu wa Mama Firdausi, na watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua sahani akauliza bei palepale.

Mama Firdausi hakupiga makofi. Aliinama, akakitazama kila upande, akamtazama fundi. Kisha akatoa neno lake, na lilikuwa zuri kuliko tulivyoomba. Alisema mtu anayeweza hivi kwa mchana mmoja hafai kukaa mbali naye. Nyuma ya duka ana chumba, kina umeme, kina uwanja wa kuwekea mbao. Kasian ahamie hapo Kibondo, atengeneze treni kila siku, si milango, treni, na yeye atazichukua zote. Mafundi wa mbali amewachoka, mzigo unachelewa, simu hazipokelewi. Kuanzia mwaka mpya anataka fundi aliye chini ya jicho lake.

Mimi nikajua nimeshapoteza. Hiyo ndiyo ndoto yake, imekuja na umeme wake. Niliamini kwa miaka yote kwamba anachopigania ni zile treni, na mtu akipewa anachopigania unamshikaje shati? Nikaanza kupanga kichwani shuka gani atachukua. Nikajitahidi kutabasamu, nikawa nimemshika jogoo kwa nguvu mpaka akalalamika.

Kasian alivua kofia. Mume wangu si msemaji, na mambo ya mke wake hajawahi kuyasema mbele ya watu. Muha wa umri wake hafanyi hivyo. Alisimama pale katikati ya masufuria, mikono ina rangi ya bluu, akasema:

"Mama, nakushukuru. Lakini mimi sikuja kutafuta treni. Treni naweza kuziacha hata leo, nikatengeneza milango, mlango hauna kosa. Baba yangu alipandia treni Kigoma akaenda kukata mkonge Tanga. Aliporudi mimi nimeota ndevu, na mama yangu akawa anamkaribisha kiti kama mgeni. Nimezunguka siku zote hizi ili nipate kazi ya kunilaza kwangu, na huyu. Kama haipo, basi Kahama na hapa ni mamoja."

Yule mwanamke wa sahani alijishika shavu. Mimi ninayesifika kwa mdomo, ninayefokea darasa la watoto tisini wakatulia, nilibaki nampapasa jogoo kichwani. Yaani miaka yote ile alipokuwa amejifungia na misumari yake nikidhani ananikimbia, alikuwa anatafuta namna ya kubaki.

Mama Firdausi alimtazama mikono yenye rangi. Kisha akanitazama mimi, na jogoo wangu, na sketi yangu iliyochafuka.

"Kaa kwako, baba," akamwambia taratibu. "Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa malori, najua kumngoja mtu. Kila mwisho wa mwezi utanipakilia boksi kwenye basi la Kasulu, na likichelewa sitakupigia wewe, nitampigia mwalimu. Yeye atakufokea vizuri kuliko mimi."

Akaingia ndani kuagiza chai. Kasian akavaa kofia, akaanza kuokota vipande vya mbao sakafuni kana kwamba hakuna kilichotokea, masikio yamemwiva kwa aibu. Mimi nilikaa juu ya gunia la chumvi nikalia mbele ya wateja, sikujali. Akaja, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimechoka na safari.

Nikamwambia sijachoka. Nikachukua mkono wake wenye rangi nikaushika mpaka kwenye kiwiko, na hatukuachana mpaka chai ilipoletwa.